Petrole si petroli



Mvua za Septemba zikianza kupiga mabati ya Mabanga, watu wanaanza kunigongea mlango wakiwa na majiko mikononi. Wanajua kazi yangu ni usalama, basi wanafikiri mimi pia ni fundi wa majiko. Mmoja analeta jiko dogo la petrole la kupikia, ambalo usiku analiacha linawaka ili watoto waote joto. Mwingine analeta lile la kuotea lenyewe, lenye tangi chini na wavu wa chuma unaogeuka mwekundu. Mlinzi wa usiku analeta taa. Na karibu wote wanasema neno moja: "Mzee, utambi umekufa, nisaidie kupata mwingine."

Ninafungua. Mara nyingi utambi haujafa. Ninamimina kilicho ndani ya tangi katika chupa isiyo na rangi, ninaiweka dirishani, na tunakaa kuongea habari za nyumbani. Baada ya muda mwenye jiko anaona kwa macho yake: chini ya chupa kuna maji, au kuna uchafu kama matope, au rangi ni ya chai, na petrole nzuri inakaribia kuwa nyeupe kama maji ya kunywa. Jiko halina kosa. Kosa lilinunuliwa barabarani, likabebwa ndani ya bidoni ambayo juzi ilikuwa na kitu kingine.

Maoni yangu ni haya, na najua wakubwa wengine kazini hawatayapenda: tunapoteza wakati mwingi kufundisha watu kukata tambi na kupangusa masizi, na hatuwafundishi kuuliza bidoni imetoka wapi. Jiko linaloleta moshi linatusumbua tu. Lakini bidoni iliyokosewa inachoma nyumba, na nyumba zetu nyingi za Mabanga ni za mbao, zimegusana ubavu kwa ubavu. Moto wa parsele moja haukai katika parsele moja.

Neno moja, vitu viwili

Nitawaambia jambo lililotokea kwangu, ili msifikiri ninaongea kutoka kitabuni.

Shemeji yangu ni dereva wa lori, anakwenda njia ya Kampala. Mwaka mmoja alikuja kututembelea jioni, akaweka mlangoni bidoni ya lita 5. Akamwambia mama watoto wangu: "Dada, nimewaletea petroli kidogo." Kisha akatoka kusalimia majirani. Kwake yeye, na kwa watu wote wa Uganda, Kenya na Tanzania, petroli ni ile ya kutia katika pikipiki na gari. Aliniletea mimi kwa pikipiki yangu. Lakini mama watoto ni mtu wa Goma. Sisi hapa tulijifunza kwa Kifaransa: ile ya pikipiki tunaiita esanse, ile ya lori ni mazutu, na petrole ni mafuta ya taa na ya jiko. Kwa sikio, petroli na petrole ni neno moja.

Alishukuru. Akachukua jiko, akaanza kumimina. Nilikuta tangi limefika nusu, na kiberiti kiko juu ya meza.

Kilichotuokoa ni harufu tu. Aliona inapanda puani kwa nguvu kuliko siku zote, akasita, akaniita. Tulibeba jiko mpaka nje, tukafungua milango yote, tukazima mbabula ya jirani aliyekuwa anapika upande wa pili wa ukuta. Baadaye shemeji na mimi tuligombana usiku mzima juu ya nani mwenye kosa. Mpaka leo sijui. Kila mmoja alisema kweli kwa lugha yake.

Tangu siku hiyo nasema katika kila mkutano wa usalama: mafuta yetu karibu yote yanaingia kwa malori kutoka mashariki, na neno la kule linaingia pamoja nayo. Mtoto akitumwa, asitumwe kununua "petroli" wala "mafuta" peke yake. Aseme "petrole ya taa". Na mtu akikuletea bidoni ya zawadi, muulize: hii inaingia katika taa, au katika pikipiki? Usione haya kumuuliza mkubwa wako.

Kwa nini esanse inalipuka

Wengine wanasema: yote ni mafuta, yote yanawaka, tofauti iko wapi? Tofauti iko katika mvuke. Kinachoshika moto ni mvuke unaopanda juu ya mafuta. Petrole nzuri haitoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka ipate joto la digrii 38 au zaidi. Mchana wa Goma haufiki huko. Ndiyo maana petrole inahitaji utambi: utambi unaipandisha kidogo kidogo, moto wenyewe unaipasha, na tangi la chini linabaki limetulia.

Esanse inatoa mvuke huo hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Baridi kama hiyo hakuna mtu wa Kivu aliyeiona. Kwa hiyo esanse ndani ya jiko la petrole inaleta mvuke tayari ndani ya tangi, ikingoja cheche. Na siyo lazima iwe tangi zima. Esanse kidogo tu iliyobaki ndani ya bidoni au katika faneli ya muuzaji inatosha kuishusha ile alama ya 38 mpaka mahali ambapo chumba chako chenyewe kinakuwa na joto la kutosha.

Tena mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu na kuondoka. Unatambaa chini kama maji, unapita chini ya mlango, unafika kwenye mbabula iliyo mbali nawe, kisha moto unarudi kwa njia ile ile. Wazee wa Goma hawahitaji somo refu juu ya jambo hili. Nyiragongo ilipasuka tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji. Siku 4 baadaye, tarehe 21 Januari, watu walikuwa wanachota mafuta katika kituo kimoja kilichozungukwa na lava bado ya moto. Kituo kililipuka, makumi ya watu wakafa. Mlima ulikuwa umewaacha hai.

Na msidhani ni mambo ya Goma peke yake. Kule Nigeria, mwaka 2001, mafuta ya taa yaliyochanganyika na kitu chepesi yaliuzwa kwa watu, na taa na majiko yakalipuka katika nyumba za watu waliofanya kila kitu kama walivyofanya siku zote. Walikuwa wamenunua mafuta ya taa. Walichouziwa kilikuwa kingine.

Jiko linasema, wewe sikiliza

Sasa tuje kwenye jiko. Moto ukiruka-ruka, ukipiga kelele pwa-pwa, ukipungua na kurudi, fikiria maji kwanza. Maji ni mazito kuliko petrole, yanakaa chini ya tangi, na utambi unakunywa kutoka chini. Utambi uliokunywa maji haupandishi petrole tena mpaka ukauke. Maji yanaingia kwa bidoni isiyofungwa vizuri siku ya mvua, au kwa bidoni iliyooshwa asubuhi na kujazwa mchana. Dawa yake: zima, acha jiko lipoe kabisa, mwaga tangi lote, kausha tangi na utambi, tia petrole iliyotulia usiku kucha ndani ya chombo, na usimimine ile ya chini kabisa.

Moto wa manjano, mrefu, wenye masizi na harufu ya lori: hapo kuna mazutu. Wauzaji wanachanganya wakati petrole ni haba. Mazutu hailipuki kama esanse, lakini inaziba utambi kwa lami ngumu nyeusi, na moshi wake si wa kukaa nao chumbani na mtoto mchanga. Petrole iliyozeeka nayo inafanya hivyo. Ukiiacha miezi kadhaa ndani ya bidoni ya plastiki juani, inageuka manjano na kunuka uchachu. Iweke kivulini, imefungwa, na ununue ya muda mfupi. Yule anayejaza bidoni ya lita 20 kwa sababu bei imeshuka wiki hii, mara nyingi anakuja kwangu baada ya nusu mwaka na utambi ulioganda.

Kwa yale majiko makubwa ya kupuliza, yenye umbo la mtungi uliolala, tunayotumia kukaushia nguo na kupasha karakana, habari ni ile ile na hatari ni kubwa zaidi, maana mafuta yanapita katika tundu dogo sana. Uchafu kidogo unaliziba. Mashine inawaka, inazima, mfanyakazi anaiwasha tena, inazima, anaiwasha tena, na kila mara mafuta yasiyoungua yanabaki ndani. Mara ya tano yanawaka yote pamoja. Ikizima mara mbili, iache. Chomoa umeme, ngoja ipoe, angalia chujio la mafuta na la hewa. Kwetu vumbi ni jingi.

Na moto unaopanda ghafla, juu kuliko unavyouzungusha, wenye nguvu ambayo hujaizoea? Hapo usitafute utambi. Usilibebe jiko likiwa linawaka. Teremsha utambi ikiwa unaweza kufanya hivyo bila kuinama juu ya moto; ikiwa huwezi, toa watoto, toka, piga kelele kwa majirani. Wenye ndoo ya mchanga karibu wataweza kuufunika moto ukiwa mdogo. Maji usimwage: mafuta yanayoungua yanaelea juu ya maji na kukimbia nayo.

Kuna jaribio dogo la kufanya nje, mbali na moto, kabla ya kujaza. Dondosha tone moja juu ya karatasi au kitambaa kisafi. Esanse inakauka upesi na haiachi doa la kuonekana. Petrole inaacha doa la mafuta kwa muda mrefu. Juu ya ngozi, esanse inaleta ubaridi mara moja. Nasema wazi lakini: jaribio hili linaonyesha esanse ikiwa ni nyingi. Ikiwa ni kidogo, doa litabaki vile vile na wewe utadanganyika. Kumwasha mtu kiberiti juu ya kikombe "ili tuone", kama nilivyoona vijana wakifanya sokoni, ni wazimu.

Wakati mwingine mafuta hayana kosa

Nimewalaumu wauzaji sana, basi niseme na upande wao. Majiko mengi haya yalitengenezwa kwa nchi za tambarare karibu na bahari. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita. Walioishi katika kambi za milima ya Masisi, kunakopita mita 2,000, wamekaa katika hewa nyepesi zaidi. Jiko linapata hewa kidogo kwa mafuta yale yale, na moto unakuwa wa manjano hata kama petrole ni safi. Teremsha utambi, ukubali joto dogo. Anayeupandisha kwa sababu ya baridi anaongeza masizi, na pamoja na masizi ile gesi isiyo na harufu inayoua watu wamelala.

Kichwa kikiuma jioni, na kikiacha kuuma ukitoka nje, usinywe dawa ya malaria kwanza. Zima jiko, fungua dirisha. Mama mwenye mimba na mtoto mdogo ndio wanaoumia zaidi. Makala ya mbabula ndani ya chumba kilichofungwa yanaua kwa gesi hiyo hiyo, na upesi zaidi. Hakuna atakayeniambia kwamba mbabula ni bora kwa sababu haina tangi. Jiko lolote lizimwe kabla ya kulala. Blanketi ya pili haijaua mtu.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo karatasi za kiwanda hazilijui. Jiko au taa ikizima yenyewe, petrole ikiwa bado ndani na upepo haupo, na wewe uko mahali pa chini, katika shimo, katika bonde la mawe ya lava au upande wa ziwa: usiwashe tena. Hiyo inaweza kuwa mazuku, gesi ya volkano iliyo nzito kuliko hewa, inayolala mahali pa chini hasa usiku na asubuhi wakati upepo umetulia. Panda juu, na usiiname kuokota kitu. Wachimbaji wa zamani walishuka na taa ya moto ili wajue hewa mbaya, na kwa kweli moto uliozima ni onyo. Lakini moto unaowaka si ahadi. Gesi hiyo inaweza kumwangusha mtu wakati taa bado inawaka mkononi mwake.

Chupa ya Fanta

Kwa akina mama neno moja zaidi. Petrole nyingi Mabanga inanunuliwa kwa chupa, na chupa hiyo ilikuwa ya Fanta. Mtoto wa miaka miwili hajui kwamba leo ndani yake kuna kitu kingine. Akiinywa, msimtapishe. Msimpe maziwa wala mafuta ya mawese ili atapike. Petrole inayorudi juu inaingia katika mapafu, na hapo ndipo inapoua. Mpelekeni hopitali upesi, na mchukue chupa yenyewe ili muganga aone. Kwa aliyeungua: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, kisha kitambaa kisafi. Dawa ya meno na yai la kuku muache.

Ombi langu kwa kampuni

Bidoni ya manjano ya lita 20 inafanya kila kazi katika mji huu. Asubuhi iko juu ya chukudu na maji, mchana ina mawese, jioni ina petrole, kesho esanse. Hatutaibadilisha Goma nzima. Lakini sisi wa kampuni tunaweza kuanza na zetu. Marekani wamezoea chombo cha bluu kwa petrole, chekundu kwa esanse, cha manjano kwa mazutu, na mfanyakazi asiyejua kusoma anaelewa rangi. Ninaomba kila mfanyakazi mwenye familia apewe bidoni moja ya bluu ya lita 5, pamoja na faneli yake, visiguswe na kitu kingine. Ni bei ya chini kuliko kofia ya chuma tunayompa kwa ajili ya kichwa chake peke yake.

Na mfanyakazi naye aache kubeba mafuta ya kazini kwenda nyumbani katika chupa. Najua inafanyika. Sitaki majina. Lakini mafuta ya karakana hayana jina likishafika Mabanga. Mke anakuta chupa chini ya kitanda na anafikiri ni petrole.

Ukigundua mafuta yameharibika, usiyamwage chooni. Vyoo vyetu vimechimbwa katika mwamba kwa shida, vina nyufa, mvuke unakaa ndani, na siku mtu ataingia na sigara. Yafunge, andika juu yake HATARI kwa mkaa, yaweke nje mbali na nyumba, na unijulishe. Jumatatu na Alhamisi napita kwenye gati la kampuni kabla ya saa moja asubuhi. Bidoni 3 nilizopokea mwezi uliopita bado ziko kwenye depo ya mafuta machafu, na moja, nilipoifungua, ilikuwa esanse tupu. Mwenyewe alikuwa ananiuliza ni wapi atapata utambi mpya.